Saumu ya Amur

Harub hajapata kuonja ulevi maisha yake yote, na kazini wamemfukuza kama mlevi. Nasema hili mapema ili asiwepo mtu wa kukaa akingojea mema mbele.

Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha umeme huko Rusayl, Oman, mwaka wake wa ishirini na sita kazini. Mtu mkimya, mkaazi wa Hail, wazee wake wametoka Unguja na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kinachosemwa. Nduguye Amur alikuwa mwengine kabisa. Amur alikuwa akifanya kazi mbali, kwenye makambi ya jangwani, na huko akinywa. Akanywa mpaka siku moja, miaka minane nyuma, akakutwa amekufa ndani ya gari lake, huko pwani ya Yiti. Harub ndiye aliyefika mwanzo. Aliokota chupa mbili miguuni pa maiti, akazifukia mchangani kwa mikono yake, ndipo akapiga simu. Watu akawaambia ni maradhi ya moyo.

Amur aliacha binti mmoja, Afra, wa miaka kumi, mama yake keshatangulia. Harub na mkewe Shariffa wakamchukua wakamlea. Mtoto akakua anajua kuwa baba yake alikuwa mtu wa msikiti, na akiwaambia wenzake hivyo shule nzima. Shariffa alikuwa akiujua ukweli, akaumeza.

Lakini Harub hakutosheka na kuzifukia chupa. Ndugu yake alikuwa ameziacha Ramadhani kumi na tatu, hakuzifunga, basi akaanza kumfungia yeye. Kila Alhamisi, jua kali au baridi, miaka yote minane. Hakumwambia mtu ila mkewe, na zilikuwa zimebaki siku tisa tu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Mwaka jana kampuni ilimleta mshauri kutoka nje, bwana aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye vinu vya nyuklia. Akasema kanuni za kule ndizo zitakazotumika hapa, mlevi mbele ya mitambo ni mlevi tu. Kompyuta inachagua jina, mtu anaitwa papo hapo bila kupewa habari. Anapuliza kwenye kipimo, kisha anatia mkojo kwenye kikombe na mpimaji amesimama mlangoni. Ana saa tatu. Zikipita bila mkojo wa kutosha, na hana cheti cha daktari, huandikwa amekataa, na aliyekataa hesabu yake ni ya aliyekutwa amelewa. Wote walitia saini, na Harub pia.

Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, saa saba mchana, kompyuta ikalichagua jina la Harub.

Alipuliza, kipimo kikasoma sifuri. Mkojo ndio haukuja. Utoke wapi? Mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa daku, na tangu asubuhi alikuwa nje anazunguka kwenye mapipa ya mafuta juani. Mpimaji, kijana mmoja Loai, mwenye adabu zake, akamwekea jagi la maji na kikombe mezani.

"Kunywa, ami," akamwambia kwa Kiarabu. "Wengi huwatokea hivi."

Harub akaliangalia jagi. Angesema amefunga, wangemuuliza saumu gani. Ya sunna huvunjwa, hakuna neno. Ya kadha, ya kulipa deni la Ramadhani, ndiyo nzito, na kadha ya nani, mtu ambaye Ramadhani haijampita hata moja? Mwisho wa maswali hayo yuko Amur na chupa zake. Basi akanyamaza, akakaa kama gogo. Mjinga? Mjinga, nami namwambia hivyo mpaka leo, na roho inaniuma nikimwambia.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Saa kumi kasoro dakika ishirini akaingiwa na hofu. Akaiona nyumba yake bila mshahara, akaona watu wa zamu yake wakinong'ona. Akalivuta jagi, akanywa vikombe vitatu mfululizo huku machozi yanamtoka. Loai akaandika kila kikombe na dakika yake.

Saa kumi kilipatikana kiasi cha vijiko viwili. Loai akakiinua kikombe kwenye mwangaza, akakimwaga chooni mbele yake.

"Nisamehe, ami. Hakitoshi."

Jumapili akaitwa mbele ya kamati. Shariffa alikuwa keshamsihi siku mbili, "Waambie, mume wangu, maiti haumwi na maneno, sisi tuko hai." Akaenda akawaambia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Hamoud, mkuu wa wafanyakazi, naye wazee wake wa Unguja, jirani wa Hail. Harub akazitoa zote mezani, chupa mbili, mchanga wa Yiti, Ramadhani kumi na tatu. Miaka minane ya kusitiri ikamwagika kwa robo saa.

Hamoud akaisoma karatasi ya Loai, kisha akacheka.

"Hapa pameandikwa vikombe vitatu vya maji, saa tisa na dakika arobaini. Aliyefunga hanywi maji, Bwana Harub. Na marehemu nduguyo unamsingizia ulevi ili ujiokoe wewe? Huna haya."

Wenziwe wawili wakacheka pia. Barua ya kufukuzwa ilikuwa tayari, imebaki saini tu.

Hamoud hakuamini habari ya saumu, lakini ya chupa aliipenda, akampigia simu mkewe yeye mwenyewe, na kabla ya jioni habari ya chupa na ya maji imeenea Hail nzima. Harub alipofika nyumbani akamkuta Afra amekaa sebuleni na simu mapajani.

"Ami, baba alikuwa mlevi?"

Harub akakaa. "Alikuwa akinywa, mwanangu."

"Hamoud umemwambia. Mimi hukuniambia."

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Na kazi wamekuachia?"

"Hawakuniachia."

Afra akaiweka simu mezani. Hakulia.

"Ungeyanywa yale maji saa saba, ami, ningekuwa na baba mpaka leo."

Na ilikuwa kweli.