Ziwa Tulilolibakiza Mbinguni

Mtaalamu wa tafsiri aliletwa kutoka Dar es Salaam kutufundisha sisi Wanyasa maana ya ziwa. Alikuwa kijana wa koti la mitumba, na kabla hajaonja hata dagaa wetu alishachora ubaoni maduara mawili na mshale katikati: huku picha ya Biblia, kule picha ya msomaji. Nikamdharau papo hapo.

Tulikutana Mbinga mjini, kwenye ukumbi wa kanisa, tukitafsiri Agano Jipya kwa Kinyasa. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani na magari yao kugombea kahawa, na wajumbe wetu kadhaa walikuwa na mashamba huko. Honi ikilia nje, Mtume Paulo anaachwa katikati ya sentensi. Wakirudi wanasema wameshaelewa, tuendelee. Mmoja alitaka ngamia awe nguruwe pori, eti kwa kuwa ngamia hajamwona. Malaika alikuwa amemwona wapi, sijui.

Nilivumilia upuuzi huo kwa ajili ya mama yangu. Kaka yangu mkubwa alichukuliwa na ziwa, na mwili haukupatikana. Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, wanawake wenzake mama wanakwenda na majembe kupalilia makaburi; yeye anabaki nyumbani, hana pa kupalilia. Kwenye misa ya kumwombea kaka, padri alisoma kwa Kiswahili habari za dunia mpya. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, hakuamini masikio yake. "Nisomee kwa lugha yetu, baba, nijue kama nilisikia sawa," aliniambia. Hakusema alisikia nini, nami sikumuuliza.

Tukafika hapo. Andiko linasema katika dunia mpya bahari haitakuwepo. Bahari sisi hatuna, maji yetu makubwa ni ziwa. Katekista mstaafu wa Maguu, huko milimani, ambaye mama yake alitoka kwetu lakini yeye akakulia kwenye migomba, akasema, "Tuandike hivyo hivyo. Ziwa halitakuwepo."

"Mzee wangu," nikamwambia, "asiyejua maana haambiwi maana. Mnyasa gani atataka kwenda mahali pasipo na ziwa? Atakula nini, kahawa yako?"

Wakacheka. Mtaalamu akagonga duara lake ubaoni, akasema huyu ndiye msomaji aliyekuwa akimtafuta. Nikapendekeza ziwa liwepo, ila litulie, lisichafuke tena. Pendekezo likapita. Yule mzee alisema tu kwamba hatukuulizwa tunapenda nini. Nikamwona mshamba wa milimani anayeogopa maji ya magotini.

Wiki hiyo hiyo nikashuka ziwani na karatasi zangu za taipu. Mama alikuwa akianua dagaa mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeileta?"

Akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri kama anayekwenda kukomunika, akakaa. Nikamsomea mbingu mpya na nchi mpya, na ziwa lililotulia. Akaomba nirudie. Nikarudia kwa madaha zaidi, maana maneno yalikuwa yangu.

"Kwa hiyo lipo," akasema.

"Lipo, mama. Ila limetulia, halitachafuka tena."

Akaligeukia ziwa. Lilikuwa kimya, na watoto wa jirani walikuwa wakiogelea.

"Basi nilisikia vibaya. Mimi nilisikia halipo," akasema. "Siku ile ya kaka yako nayo lilikuwa limetulia hivi hivi."

Akainuka, akarudi kwenye dagaa wake. Ningeweza kumwambia palepale kwamba alisikia sawasawa, na kwamba aliyeliweka ziwa mbinguni ni mwanawe. Nikaona aibu. Nikazikunja karatasi, nikaenda kumsaidia kuanua.