Natilia Shaka Sahani

Mzee mwenye duka la mitumba kule Suri alikuwa akiniona tu naegesha gari, anaanza kusogeza vitu nyuma ya meza. Si kwamba mie mwizi. Alikuwa amenichoka. Kila chombo cheupe kilichokuwa dukani kwake yeye alikiita fedha, na mie kila nikisikia "fedha" nilikuwa na jibu langu moja: hebu lete nione.

"Bibi, hii fedha tupu. Ya Mwingereza wa kiwanda cha gesi, kaondoka juzi."

"Fedha? Na Mwingereza kaiacha?"

"Kasahau."

"Ah, wapi! Kasahau fedha, akakumbuka feni na makochi?"

Nilikuwa natafuta pyuta. Pyuta ni bati lililotiwa madini mengine kidogo ili liwe gumu, na Wazungu hulifanyia vikombe vikubwa vya mikono, sahani na mabirika ya chai. Kwetu Omani halikuwa na thamani. Watu wanajua fedha, wanajua shaba, na kilichobaki wanakiita takataka. Lakini linayeyuka juu ya jiko la gesi la kupikia. Unalimimina kwenye kalibu, linaganda na umbo lake, safi. Kalibu zangu nilizichonga katika mifupa ya ngisi, ile myeupe laini ambayo bahari huitupa ufukweni kule Tiwi, enzi hizo njia ikiwa bado ya changarawe na gari linafika huko limejaa vumbi hadi ndani ya kioo cha saa. Nilisubu vishikio vya mifuniko ya birika za kahawa, vifungo, vidani vya watoto. Jumatano nikiviuza soko la wanawake Ibra, ambako mwanamume haingii.

Basi nilikuwa nakifanyia kila chombo mtihani, na mwenye duka anahema. Kwanza sumaku, nilikuwa nayo mkobani nimeifunga uzi. Kikinasa, hicho chuma kilichopakwa, rudisha. Kisiponasa bado sikiamini. Nakipima kwa mkono. Kikiwa chepesi mno, aluminiamu. Nakigonga kwa ukucha. Fedha inalia, pyuta inatoa sauti fupi nzito kisha inanyamaza. Nakikwaruza chini, mahali pasipoonekana. Rangi ya njano ikichungulia, ni shaba iliyovishwa nguo. Mihuri iliyogongwa kitakoni sikuijali. Muhuri nao umegongwa na mtu, na mtu anaweza kusema uongo.

Mwisho karatasi nyeupe, na huo ndio mtihani niliouogopa. Pyuta ya zamani watu waliichanganya na risasi kwa kuwa risasi rahisi, na risasi ni sumu. Ukisugua ukingo wa chombo juu ya karatasi, pyuta safi haiachi kitu cha maana. Yenye risasi nyingi inaandika kama penseli. Ikiandika, nilikuwa nainunua kwa bei ya kutupa na kuwapa wavuvi wakafanyie chubwi za kuzamishia mishipi yao. Jikoni kwangu haiingii, na kifuani kwa mtoto wa mtu siivishi.

Nilisifika vibaya kwa tabia hiyo. Nikienda kutembelea jamaa Nizwa, wenye nyumba wananitania, "Ficheni vijiko, myeyushaji kaja!" Nami nacheka nao. Lakini macho yangu yalikuwa hayatulii, kweli, kila sinia nalikagua.

Sasa shangazi. Dada yake baba, alikuwa akikaa Birkat al Mauz, nyumba yenye migomba mlangoni. Alikuja kutoka Unguja mtu mzima tayari, na hakuja na mengi. Alikuja na sahani moja nyeupe nzito ya baba yake. Huyo babu yetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akiandika kombe: aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Wengine wote huandika kwenye sahani ya kaure. Babu aliandika kwenye ile, watu wakisema ni ya fedha, imetoka kwenye meli ya Wazungu, na fedha ina baraka zaidi. Alipokufa, shangazi akaurithi uandishi na sahani pamoja. Familia nzima iliyorudi kutoka Afrika, ukiumwa Ibra, ukiumwa Suri, unapelekwa kwa shangazi.

Mdogo wangu mimba mbili zilimtoka. Alipopata ya tatu, mama akamwambia funga sanduku, nenda kwa shangazi, ukae pale ulelewe na unywe kombe mpaka Mungu atakapokuvusha. Akaenda. Mie nikafuata Ijumaa moja kumwona, nimebeba halua na mikate.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, kahawa ipo. Na mkoba wako uache mlangoni, najua kilichomo."

Tukacheka. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu juu ya godoro, tumbo limeanza kuonekana, uso umefifia. Tumbo linamsokota, anasema, na kichwa hakimpi nafasi. Mama kasema ni mimba tu. Pembeni, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, ilikuwa sahani.

Shangazi mwenyewe akanieleza bila kuulizwa. Jioni anaandika, anamwagia maji ya waridi na kukamulia ndimu ili zafarani iachie vizuri, anaiacha hivyo usiku kucha, alfajiri mdogo wangu anakunywa. Ndimu! Kitu kikali kama ndimu huilamba risasi ikaingia majini, na usiku kucha ni muda mrefu. Kama ilikuwa pyuta. Kama ilikuwa na risasi. Sikuwa najua bado, lakini shaka ikishaniingia mie haitoki.

Shangazi alipokwenda jikoni nikafunua kitambaa. Nikagonga ukingo. Sauti fupi, nzito. Nikachukua karatasi iliyofungiwa halua, upande ulio safi, nikasugua. Mstari wa kijivu, mweusi mweusi, uliokoza.

"Unafanya nini?" Mdogo wangu alikuwa ananitazama.

"Usinywe tena kwenye hii. Wallahi usinywe. Ina risasi. Kesho twende hospitali Nizwa wakupime damu."

Akaweka mkono tumboni, akajivuta nyuma hadi ukutani, na mie nikaelewa anachokiona. Mie sikujaaliwa mtoto. Miaka yangu ya ndoa ilikuwa mingi kuliko yake na nyumbani kwangu hamna anayelia. Na sasa mimi, tasa, nimesimama juu ya kombe lake namwambia asinywe.

"Dada," akasema taratibu, "una kijicho?"

Nakuapia, kama angenipiga kofi nisingeumia hivyo. Shangazi akaingia na sinia la kahawa, akaona kitambaa chini, akaona karatasi mkononi mwangu.

"Lahaula! Umeanza. Unataka kuyeyusha sahani ya marehemu baba yangu!"

"Siitaki, shangazi. Sumu hii."

"Aya za Mungu sumu? Unayatilia shaka maneno ya Mungu weye?"

"Maneno siyatilii shaka. Natilia shaka sahani."

Akaweka sinia. Shangazi alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. Akaninyang'anya karatasi, akasugua mwenyewe. Kijivu. "Uchafu," akasema. Akaenda nayo kwenye mfereji, nikamsikia anaisugua kwa jivu na kumbi la nazi, kwa hasira, maji yanamwagika. Akarudi, akaifuta kwa upindo wa kanga mpaka ikakauka, akasugua tena upande mwingine wa karatasi. Kijivu vile vile. Nikamletea sahani ya kaure ya jikoni, nikasugua mbele yake. Karatasi ikabaki nyeupe.

Jioni ile shangazi aliandika kwenye kaure, polepole kwa kuwa ile kaure inateleza na hakuizoea. Mdogo wangu alimwuliza kama litafaa. "Maneno ni yale yale," shangazi akamjibu. Sahani ya babu akaiviringisha kwenye kanga, akaifungia sandukuni.

Hospitali mdogo wangu hakwenda na mie. Alikwenda na mumewe, baadaye, na walichoambiwa huko sikuambiwa. Simu zangu akawa hapokei. Nikisema nakuja, anaumwa, nikifika, kalala. Mama naye akaniambia heri nikae kwangu Ibra mpaka yule mtoto atoke, kuepusha maneno. Mie ambaye maisha yangu yote nilikuwa nikiwashuku wauzaji, nikajua sasa uchungu wa kupimwa namna ile, mtu anakutazama usoni anatafuta rangi nyingine chini ya rangi. Nililia, sisemi uongo. Kisha nikakasirika, kisha nikalia tena.

Akajifungua msichana, mzima, ana sauti ya kuitisha mtaa. Niliitwa siku ya arubaini tu, pale pale Birkat al Mauz. Nilipoingia mlangoni nilimwona mdogo wangu akichovya kidole kwenye wanja haraka haraka na kumpaka mtoto doa jeusi kwenye paji la uso, kumkinga na jicho. Jicho langu. Wanawake waliokuwamo wakatazama chini kwenye vikombe vyao. Nikakaa karibu na viatu.

Shangazi ndiye aliyeinuka. Akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake bila kuomba ruhusa, akaja naye hadi nilipokaa, akanipakatisha. "Mshike shingo," akasema. Akakaa kando yangu. Wengine wakaanza kupitisha sinia la wali na kelele zikarudi, na hapo ndipo shangazi akaniinamia, karibu sana, asisikike na mtu.

Shangazi alizaa. Sote tulilijua hilo ingawa halikuwa likisemwa. Alizaa watoto huko Unguja, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefika kutambaa.

"Kila mimba," akaniambia, "baba alikuwa akiniandikia mwenyewe. Kila jioni. Akinipenda sana, akikamua ndimu mpaka tone la mwisho." Macho yake yalikuwa kwa mtoto, hayakuwa kwangu. "Niambie weye. Ndiyo ile sahani?"

Mtoto alikuwa amelishika shanga la kilemba changu, haliachii. Nilifikiri kumwambia hapana. Nilifikiri kumwambia ni kadari, na kadari ni kweli pia. Lakini alikuwa amenitazama sasa, na mtu aliyekuwa akinitazama hivyo nisingeweza kumdanganya akaamini.

"Sijui, shangazi."

"Vyombo vya Wazungu unavijua," akasema. "Wanangu huwajui."

Akamchukua mtoto, akampangusa lile doa la wanja kwa kidole gumba, akamrudishia mama yake.