Hotipoti ya Mamangu

Kwetu Malindi chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa futari, sahani itarudi na chochote, hata ndimu mbili. Nenda kawaeleze hayo wenzangu wa maabara kule Kilifi, wengi wao watu wa bara.

Mamangu alikuwa na saratani ya ini, na kazi yangu mimi ndiyo hiyo. Tunatengeneza vitone vya mafuta vidogo mno, jicho halivioni, na ndani yake tunafunga jeni, yaani maagizo ya kuiambia seli ya saratani iache kuzaana. Bila ya mafuta hayo jeni huharibika njiani. Nilimweleza mama siku moja nikimkanda miguu. Akasema kumbe ni chakula kilichofunikwa kisiingie vumbi. Nikamwambia ndiyo hasa.

Tangu hapo, kila Jumatatu nikirudi kazini alinipa hotipoti ya mkate wa sinia niwapelekee wenzangu. Walikula wakalamba vidole, wakaiosha, wakanipa tupu, inang'aa. Hasira zilinipanda! Watu wazima, wamesoma, hata haya hawana. Basi nikirudi Malindi napitia sokoni, natia machungwa, namwambia mama wanamsalimu sana.

Ijumaa moja aliifunua, akachungulia ndani. Alikuwa amekonda, pete yake imehamia kidole gumba.

"Machungwa tena," akasema. "Na dawa yangu?"

Maskini mamangu, muda wote ule alikuwa akingoja dawa irudi ndani ya chombo chake. Nikaketi mkekani. Nikamweleza kwamba bado twaijaribu kwa panya, na kwamba kabla ya kupewa mtu ina safari ndefu.

"Haitakuwahi, mama."

Hakulia, niliyelia ni mimi. Akakilaza kichwa changu mapajani, akaniambia nisijitie maradhi, yeye hana ugomvi na panya. Akamenya chungwa, akanilisha kipande kimoja kimoja mpaka nikatulia. Nilimpenda siku ile hadi kifua kikaniuma.

Jumatatu asubuhi hotipoti ilikuwa tayari, ya moto, imefungwa kwa leso yake.

"Wapelekee," akasema. "Siku dawa ikiwa tayari, itieni humu, umpelekee mama wa mwenzio."

Mama hayupo tena. Hotipoti sijairudisha nyumbani. Iko maabara, juu ya kabati, kwa sababu bado ni tupu.