Kamba ya Kiunoni

Kwenye ukumbi wa theluji pale Ghala, jumba la michezo ya watoto, nilimpokonya mfanyakazi kamba aliyokuwa akimfunga mwanangu kiunoni.

"Jamani mama, ni mchezo tu! Mila ya wachimba madini wa kaskazini. Mdogo ndiye anayetangulia shimoni na taa."

"Basi mfunge mwanao!"

Kamba ilinuka mafuta ya taa. Kule kaskazini kwenye barafu, baba alikochimba madini, mdogo wangu alitangulizwa hivyo hivyo kupima hewa. Taa ikizimika, avutwe.

"Haya, bwana mkubwa, tufungulie njia!" wachimbaji walimtania mdogo wangu siku ile.

Kamba niliishika mimi. Taa ikazimika, nikavuta. Ikaja kamba tupu.

Malalamiko nimeyapeleka kwa meneja wa Ghala, yamegongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeandika: "Mchezo huu ufungwe leo. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita."