Pikipiki Iliyoambiwa Ikazikwe

Mama Cheche, mchomelea mageti, alipofiwa na mume, shemeji yake alibeba kila kitu mpaka mapazia. Akaacha pikipiki ya kizamani tu, maana aliwahi kuiazima akaiendesha bila oili hadi vinundu vya kemshafti, ule mhimili unaosukuma vali za injini, vikalika.

"Shemeji, hiyo kaizike na mwenyewe," akacheka.

Haya. Mama Cheche akavijaza vinundu kwa kuchomelea, akavisugua kwa tupa mdogo mdogo, akipima, mpaka injini ikanguruma. Kizuia kelele akaking'oa makusudi. Sasa kila alfajiri anaipasha moto chini ya dirisha la shemeji.

"Shemeji, hatulali!"

"Si ulisema nikaizike? Imefufuka."

Akavuta mafuta tena. Mimi nasema aongeze.