Mafagio ya Bibi Kwenye Theluji

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ilikuwa Januari hii tu na wewe hujazaliwa. Hata baba yako simjui bado. Lakini mtu akishatimiza miaka kumi na sita ana makosa ya kutosha kuanza kushauri, kwa hiyo nakuandikia mapema humu kwenye daftari.

Bibi yangu mzaa mama alikuja kututembelea huku ughaibuni, mjini Inver Grove Heights, kutoka Njombe. Wiki nzima alikaa dirishani akitazama kwa jirani yetu, Bi Linda. Uani kwetu theluji tupu. Uani kwa Bi Linda kuna majani marefu makavu, rangi ya shaba, na katikati yake mabua ya maua yenye vichwa vyeusi, kila kichwa kimevaa kofia ya theluji. Mimi nilikuwa nayapita kila asubuhi nikidhani mama wa watu amechoka kufyeka.

"Yale ni mafagio," Bibi akasema. "Nenda kamwombe."

Mwanangu, mimi nikiitwa jina darasani kusema tu "nipo", jasho linanitoka. Nilivaa koti, nikajificha nyuma ya gari la baba, nikahesabu hadi mia, nikarudi.

"Amesema sawa, Bibi."

Punde Bibi alikuwa amezama magotini kwenye theluji, soksi tatu, kisu cha jikoni, anakata huku anaimba pambio. Mimi nimebeba mafungu. Mlango wa Bi Linda ukafunguka. Hakufoka. Alitoa lile tabasamu la huku lisilo na furaha, akauliza kama tunahitaji msaada.

"Mwambie asante kwa ruhusa," Bibi akaniambia. "Mwambie Mungu ambariki."

Mkalimani nilikuwa mimi peke yangu. Ningeweza kusema lolote. Lakini Bibi alikuwa anamchekea kwa moyo mweupe, na yule anamtazama kama mwizi. Nikashindwa. Nikaungama kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, kila lugha mara mbili maana mara ya kwanza sauti haikutoka.

"Yaani umenifanya mwizi?" Bibi akasema. "Kwa umri huu? Na soksi tatu?"

Bi Linda akaeleza kwamba ni mimea ya asili ya mbuga za huku, kaiotesha mwenyewe kwa mbegu. Ndege wanakula vile vichwa, nyuki wadogo wamelala ndani ya mabua. "Na mimi napenda kuitazama," akasema. "Ndiyo maua yangu ya Januari."

Nilipotafsiri hilo, Bibi akanipokonya yale mafungu. Akayafunga aliyoyakata, akayachomeka tena kwenye theluji, wima, kama anapanda mihogo. Akarudi nyuma, akatazama, akanyoosha moja. Bi Linda akacheka mpaka akashika mlango. Ndege mdogo akatua pale pale, akapangusa theluji, akaanza kula.

"Huyo hana kinyongo," Bibi akasema. "Mimi ninacho. Utaosha vyombo mpaka nirudi Njombe."

Basi, mwanangu, kitu kilichokauka usikiite uchafu kabla hujasimama ukakitazama, hata kama basi la shule linakuja. Na ukitumwa kuomba, omba. Kukataliwa kunauma dakika moja; mimi nimesugua sufuria wiki tatu.

Mungu akupe macho ya kuuona uzuri ulio kimya, na akupe sauti mbele za watu. Ikikosekana hiyo sauti, basi akupe bibi mwenye huruma kuliko wangu. Amina.