Loki za Mbele

Dereva anayekwenda Ruaruke wakati wa masika akarudi na nguo safi si dereva, ni abiria aliyeshika usukani. Maneno hayo yalikuwa ya Mzee Twalibu, aliyemfundisha Seleman kuendesha gari la wagonjwa, na Seleman aliyarudia kwa majivuno kwa kila dereva mgeni. Gari lao lilikuwa na loki za mkono, moja kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele. Kabla ya tope unasimama, unashuka, unachuchumaa, unazungusha loki ya kulia mpaka ilie tak, kisha unazunguka upande wa pili. Ndipo unapanda na kuvuta gia fupi. Usiposhuka, gia utaivuta wee, magurudumu ya nyuma yatahangaika peke yake na ya mbele hayatasaidia kitu.

Mzee Twalibu akastaafu. Likaja gari jipya, ambalo loki zake hujifunga zenyewe ukivuta gia. Mwaka wa kwanza Seleman bado alikuwa akishuka, mikono ikitafuta loki za kuzungusha. Wa pili akaacha. Kufika wa tatu viatu vyake vilikuwa safi kama vya karani, na mwenyewe akavionea fahari. Mazoea yana tabu: mabaya hayakutoki, na mazuri huondoka bila kuaga.

Aprili iliyopita gari jipya lilikuwa gereji siku pumu ilipombana Mzee Twalibu. Seleman akawasha lile kuukuu. Nesi Marsela alikaa nyuma na mgonjwa, pamoja na mtungi mmoja wa oksijeni.

"Kaka Seleman, mtungi huu unatufikisha hospitali Kibiti, lakini hauna ziada," alisema. "Tusikawie."

Hakukawia, na kosa lilikuwa hilohilo. Alilifikia bonde la tope jeusi, akavuta gia fupi, akaingia bila kusimama. Katikati gari likazama. Akakanyaga mafuta, nyuma tope likaruka, mbele kimya. Akaitukana injini, akakanyaga tena, na kila alipokanyaga gari lilizidi kujichimbia.

Mzee Twalibu alikuwa ameliendesha gari lile miaka ishirini. Alijua kwa mgongo tu, hapo alipolala, kwamba magurudumu ya mbele hayavuti. Akasogeza barakoa ya oksijeni.

"Sele, ushashuka?"

Seleman aliondoa mguu kwenye mafuta.

"Nishashuka, baba."

Uongo ule ulimtoka kabla hajaufikiria. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na bado alimwonea haya mwalimu wake. Akafungua mlango, akateremka. Loki zote mbili zilikuwa chini ya tope. Alichimba kwa mikono, akachimba kwa kifuniko cha sanduku la dawa, na tope likarudi kila alipolitoa. Kazi ya dakika moja ikala nusu saa nzima. Ya kulia ikalia tak. Baadaye sana, ya kushoto nayo ikalia.

Alipopanda, alisikia sauti nyembamba nyuma yake.

"Sasa twende, mwanangu."

Mzee alikuwa amezisikia zote mbili. Gari likatoka mara moja, wala halikuguna, na hilo ndilo lililomuuma Seleman kuliko yote.

Mtungi uliisha Kibiti ikiwa bado mbali. Baada ya muda Marsela aligonga kioo mara moja, taratibu, na Seleman akajua hakuna tena haja ya haraka.

Mazishini, Salima, binti wa marehemu, alimshika mkono akamshukuru kwa kuhangaika na baba yao hata akachafuka vile. Seleman alitaka kusema. Hakusema, na mpaka leo hajasema.

Siku hizi gari jipya limerudi, na loki zake zinajifunga zenyewe. Hata hivyo kabla ya kila tope Seleman husimama. Hushuka, huchuchumaa, huweka kiganja kwenye gurudumu la kulia, kisha huzunguka kwenda la kushoto. Abiria humuuliza anatafuta nini. Akishapanda, viatu vimejaa tope, hugeuza uso kidogo kuelekea nyuma na kusema polepole, "Nishashuka, baba." Ndipo anapovuta gia.